UZI: Kuunga gitaa la besi la vipande, kuanzia mbao tupu hadi sauti (Arusha na Moshi)

Besi_Ngarenaro
Wakuu, maswali ya besi za kujiungia yametawanyika mno, tuyakusanye hapa. Naongelea seti ya kawaida ya mtindo wa Precision au Jazz (modeli mbili za besi za Fender): bodi iliyokwisha chongwa, shingo ya kufungwa kwa skrubu nne, vikazio vya nyuzi, briji (chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi), pikapu (sumaku na koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi), saketi na nyuzi zenyewe.

Mbao na vyuma vya seti za bei nafuu mara nyingi vinafaa. Kinachoharibu kazi ni pupa ya rangi. Boksi linafunguliwa asubuhi, jioni bodi imeshakuwa nyekundu, wiki ijayo ndipo inagundulika briji imekaa upande na hakuna pa kutoboa tena bila kuchuna rangi. Unga besi nzima ikiwa mbao tupu, ifunge nyuzi, ipige. Ukiridhika ndipo uibomoe uipake.

Anza na rula. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani milimita 863.6, kipimo cha Fender Precision tangu 1951. Nusu yake ni 431.8. Pima kutoka ukingo wa nati hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). (Nati hapa ni kile kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo, tusichanganye na nati ya bolti.) Ukipata 381 una besi fupi ya inchi 30, basi nyuzi nazo ziwe za besi fupi.

Chomeka shingo kwenye mfuko wake (lile shimo la bodi linalopokea shingo) bila skrubu. Kutoka freti ya 12 pima tena 431.8 kuelekea briji: hapo ndipo kigari cha uzi wa G kinatakiwa kufika kikiwa kimesogezwa karibu mbele kabisa. Vigari ni vile vinne juu ya briji vinavyokwenda mbele na nyuma kwa skrubu. Cha E kitaishia nyuma zaidi, milimita 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo usitoboe briji vigari vikiwa nyuma mwisho, utakosa pa kusogea.

Sasa chukua uzi wa kushonea, uvute kutoka mfereji wa E kwenye nati hadi kigari cha E, na mwingine upande wa G. Angalia kwenye freti ya mwisho: nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo ilingane pande zote mbili. Isipolingana, sogeza briji. Kama kiwanda kimeshatoboa briji, zungusha shingo kidogo mfukoni mwake. Ule mwanya mdogo wa pembeni unatosha kuhamisha kichwa milimita kadhaa.

Mgeni_wa_Nyuzi
Shukrani mkuu. Kwenye seti yangu shingo haina matundu kabisa, bodi ndiyo ina manne. Natumia biti gani, na nitoboe kina gani nisije nikatokea upande wa freti?

MbaoNgumu
Mgeni, hapo ndipo shingo nyingi hufa, tulia.

Skrubu za shingo kwa kawaida ni milimita 4.2 kwa 45. Chukulia bodi ina unene wa 45 na mfuko una kina cha 16: chini ya mfuko zinabaki 29. Ongeza bati la nyuma, moja na nusu. Jumla 30.5, kwa hiyo skrubu inaingia kwenye shingo milimita 14.5 tu. Kisigino cha shingo kina kama 25. Toboa kina cha 16 na umemaliza, ila pima vya kwako kwanza, usichukue hesabu yangu kama Biblia. Zungushia biti tepu ya karatasi kwenye alama ya kina ili uone pa kusimama.

Biti ya shingo ni 3.2. Shingo nyingi ni mepo, mbao ngumu, ukitumia 2.5 skrubu itakatika kichwa ikiwa nusu njia.

Kwenye bodi mambo ni kinyume. Matundu ya bodi yapitishe skrubu kwa uhuru, ikiingia na kutoka kwa vidole. Yapanue kwa biti ya 4.5. Skrubu ikiuma bodi na shingo kwa pamoja haivuti chochote: inabaki nafasi kati ya kisigino na mfuko, sauti inafifia, na kila siku utalaumu pikapu. Ng'ata iwe kwenye shingo peke yake, bati na bodi vibanwe kwa kuvutwa.

Kuhamisha alama: funga shingo kwa klampu ikiwa sambamba na ule uzi wa kushonea, pitisha biti ya 4.5 kwenye tundu la bodi uigongegonge itie kidoti kwenye shingo, toa shingo, toboa kwa 3.2 ikiwa wima. Mashine ya drili ya kusimama ni bora. Huna? Mwambie mtu asimame pembeni atazame kama umelalia upande.

Skrubu ndogo za vikazio toboa kwa 1.5 au 2 kulingana na skrubu, kisha zisugue kwenye mshumaa au sabuni ya mche kavu kabla ya kuingiza. Zile ndogo zimetengenezwa kwa chuma laini kama siagi. Mshumaa ni bora, sabuni huvuta unyevu na baada ya muda skrubu hushika kutu.

RangiKavu
Naongezea kwa upande wa rangi, maana ndiyo kazi ndefu.

Kwanza mwagia bodi tone la maji. Likinywewa, mbao ni tupu. Likikaa kama lulu, kiwanda kimepaka sila nyembamba (dawa ya kuziba mbao), na rangi ya kupenya haitashika mpaka uitoe yote kwa msasa. Seti nyingi ziko hivyo na maelezo yake hayasemi. Halafu futa bodi kwa kitambaa chenye tina (thinner ya rangi): madoa ya gundi yataonekana kama mabaka. Yatoe, la sivyo yatabaki meupe chini ya rangi.

Msasa 120, halafu 180, halafu 240, ukifuata mwelekeo wa mbao. Zile sehemu za ncha ya mbao, juu na chini ya bodi na ndani ya pembe, hunywa rangi zaidi na kuwa nyeusi. Zipeleke hadi 320 au 400. Ndani ya mfuko wa shingo usipitishe msasa hata kidogo. Ziba mfuko na vyumba vya pikapu kwa masking tepu muda wote.

Ukimaliza 240, pangusa bodi kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, utahisi vinywele vimesimama. Vikate kwa 320 kwa mkono mwepesi. Ukiruka hatua hii vitasimama chini ya rangi.

Kama bodi ni ashi au mahogani yenye vinyweleo vilivyo wazi, jaza kwa fila ya mbao, kata kwa 240. Mbao ya baswudi haihitaji. Kisha rangi ya kupenya, kisha sending sila mikono miwili (yaani kupaka mara mbili), msasa 320, kisha laka ya NC (ya nitroselulosi) mikono minane hadi kumi, miembamba, isiyozidi mitatu kwa siku, ukisubiri saa moja na nusu hadi mbili katikati. Baada ya hapo itundike na uisahau wiki tatu hadi nne. Ukibonyeza ukucha sehemu ya siri na ukaacha alama, bado. Ikikauka: msasa wa maji 1000, 1500, 2000, halafu rabingi kompaundi.

Ukifika kwenye msasa wa maji, maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu. Mbao inavimba, laka inapasuka duara kuzunguka tundu, na mpasuko huo hautoki. Tone la laka ndani ya kila tundu mapema linasaidia. Au tumia mafuta ya taa badala ya maji.

Na shingo: ubao wa vidole ukiwa wa rosewood usiupake laka, mafuta kidogo yanatosha. Ukiwa wa mepo lazima uzibwe, vinginevyo jasho litaufanya wa kijivu.

Pasua_Solda
Nakubali ila mkuu RangiKavu umeandika kana kwamba wote wako kwenye chumba chenye feni. Msimu ni muhimu kuliko idadi ya mikono. Machi hadi Mei masika inashika huku kwetu, hewa ina maji, laka inapoa juu ya bodi na kuvuta unyevu, unapata ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo.

RangiKavu
Kweli kabisa, nililiruka. Ukungu huo usiufukie kwa mkono mwingine wa laka. Subiri siku kavu, pulizia vumbi jepesi la tina peke yake, laka italainika na kuachia unyevu.

Arusha iko juu, karibu mita 1,400, na Juni na Julai asubuhi ni baridi hasa. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na bodi ilale ndani usiku uliotangulia isiwe baridi. Moshi iko chini ya mita 1,000, shida ni kinyume: joto linakausha matone kabla hayajafika, uso unakuwa wa chenga chenga kama unga. Sogeza pua ya mashine hadi sentimita 15 au 20, au tumia tina inayokauka taratibu.

Kwaya_Besi
Kwa nini usiipeleke tu kwa mafundi rangi wa magari? Mtaa wa Unga Limited wamejaa, na rangi ya 2K (ya kuchanganywa na hadina, kigumishi chake) inakuwa ngumu ndani ya siku mbili, siyo mwezi.

RangiKavu
Inawezekana na inatoka vizuri sana. Masharti matatu tu. Moja, apake nyembamba, maana fundi wa gari amezoea kufunika puti. Mbili, asipulize 2K juu ya laka ya NC ambayo haijakauka, wala NC juu ya rangi ya mafuta ya kawaida ya dukani: tina inainua rangi ya chini na uso unakunjamana kama ngozi ya maziwa. Tatu, hadina ya 2K ina isosianati. Barakoa ya vumbi haizuii kitu pale, inatakiwa ile ya kichujio cha kemikali, na wewe mwenye besi usisimame pembeni kuangalia. Vipimo vya hadina fuata kopo, kila kopo lina lake.

Mpelekee bodi ikiwa imeshatobolewa kila kitu na kuzibwa tepu. Hajui wala hapaswi kujua mfuko wa shingo ni nini.

MbaoNgumu
Mimi nitabaki na mafuta ya linsidi yaliyochemshwa. Paka, subiri dakika 15, futa yote yanayobaki juu, saa 24, rudia mara tano. Haihitaji kompresa, haina vumbi, ikichubuka unapaka tena pale pale. Haing'ai kama kioo, na hailindi dhidi ya kugongwa, hilo sibishi.

Onyo moja. Vitambaa vya mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo hujipatia joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke vikiwa vimenyooka, au vizamishe kwenye maji.

Pasua_Solda
Upande wa umeme sasa. Kabla ya kulehemu chochote, shika mita, weka kwenye kilo-omu, pima nyaya mbili za pikapu. Precision utaona kama 10 hadi 12, Jazz 7 hadi 8 kila moja. Ukiona hakuna njia kabisa, pikapu imekatika ndani, irudishe kabla hujapoteza wiki.

Waya wa Precision kwa maneno: waya moto wa pikapu unaenda mguu wa kwanza wa poti ya sauti (poti ni kile kidude cha kuzungusha chini ya kitufe). Mguu wa kati unaenda ncha ya jeki (tundu la kuchomeka kebo). Mguu wa tatu unalehemiwa kwenye mgongo wa poti, ndiyo ethi. Kutoka mguu ule wa kwanza, waya mwingine unaenda poti ya toni, na kapasita inatoka kwenye toni kwenda mgongoni. Kapasita iandikwe 473, yaani maikrofaradi 0.047. Ukikuta 104 ni 0.1, itafunga sauti zaidi. 223 ni ya gitaa la kawaida, kwenye besi toni itakuwa kama haifanyi kazi.

Poti zisome: A250K ndiyo ya sauti. Seti nyingi zinaletwa na B250K, ambayo sauti haishuki mpaka unakaribia sifuri, kisha inakatika ghafla. Si kosa la kulehemu, ni aina ya poti.

Mgongo wa poti ukwaruze kwa msasa kabla ya kulehemu, na pasi iwe angalau wati 40. Ya wati 20 utaishikilia hapo dakika nzima, joto litapenya ndani na kuua poti.

Waya wa ethi wa briji: toa plastiki sentimita mbili, utandaze chini ya briji, funga briji juu yake. Angalia kwa mita: briji hadi sehemu ya nje ya jeki, iwe karibu sifuri. Seti nyingine hazina tundu la kupitisha waya huu kutoka chumba cha saketi. Litoboe kwa biti ndefu ya 3 KABLA ya rangi.

Kwaya_Besi
Briji imeunganishwa ethi, saketi sawa, bado inanguruma ninapoachia nyuzi. Nikizishika inapungua.

Pasua_Solda
Hiyo ina maana ethi ya briji ni nzima, mwili wako ndio unabeba kelele. Ziba vyumba vya pikapu na saketi kwa karatasi ya shaba yenye gundi, vipande vyote vishikane, kimoja kilehemiwe kwenye ethi. Karatasi ya alumini ya jikoni inafanya kazi pia ila risasi haishiki juu yake, ibane kwa skrubu na washa pamoja na waya. Na kama ni Jazz, jua kwamba pikapu zake ni za koili moja moja: zikiwa wazi sawa kelele hupotea, ukipunguza moja inarudi. Precision koili zake mbili zinafutana tangu mwanzo.

Lakini nikuulize: kanisani amplifaya inachomekwa wapi? Kama ni eksitensheni isiyo na pini ya ethi, acha besi kwanza ushughulike na hiyo. Nyuzi zako zimeungwa na mwili wa amplifaya. Ikivuja, ukigusa maikrofoni ya chuma kwa mdomo huku umeshika nyuzi, umeme unapita kwako. Usikate waya wa briji kama "dawa", na usikate pini ya ethi. Amplifaya na mikisa vichomekwe kwenye mstari mmoja wenye ethi ya kweli.

Kwaya_Besi
Nimeelewa. Swali jingine: Jazz, pikapu zote wazi, sauti inakuwa nyembamba, besi inakimbia.

Pasua_Solda
Zinapingana. Badilisha nyaya mbili za pikapu MOJA, moto kwenda ethi na ethi kwenda moto. Kama pikapu ina kifuniko cha chuma, angalia kwanza kisiwe kimeungwa na waya unaougeuza.

Besi_Ngarenaro
Tumalizie na kuiweka sawa. Nyuzi 45 hadi 105. Pitisha uzi kwenye kikazio chake, acha sentimita 10 hadi 12 za ziada, UKUNJE pembe kali kwanza ndipo ukate baada ya kunjo. Ukikata bila kukunja, waya wa nje unaanza kufunguka na uzi unakufa. Mizunguko mitatu, ikishuka chini.

Utaratibu usigeuzwe: tyuni, shingo, kimo cha nyuzi juu ya freti, urefu wa uzi, pikapu mwisho.

Programu nyingi za simu hazisikii vizuri E ya chini, ni hezi 41 tu. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, utapata 82, simu itaisoma.

Shingo: bonyeza E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, tazama freti ya 8. Nafasi iwe milimita 0.3. Huna fila geji (kipimo cha mianya)? Karatasi tatu za A4 za gramu 80 zikilaliana ni kama 0.3. Nafasi kubwa, kaza trasi rodi (chuma kilicho ndani ya shingo) kwa mwelekeo wa saa, robo mzunguko, tyuni tena, pima tena. Ikigoma usilazimishe kwa spana ndefu. Legeza nyuzi, vuta shingo nyuma kwa mkono, ndipo ukaze.

Kimo kwenye freti ya 17: E milimita 2.4, G 2.0. Vigari vikifika chini kabisa na bado nyuzi ziko juu, shingo haina mwinamo. Weka kipande cha mbao chembamba cha nusu milimita ndani ya mfuko, upande ulio karibu na briji. Ukikiweka upande wa kichwa utaongeza tatizo.

Kisha linganisha sauti ya kugusa tu juu ya freti ya 12 na ile ya kubonyeza hapo hapo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kigari nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kusogeza. Pikapu ianzie milimita 3 chini ya E na 2.5 chini ya G, ukibonyeza freti ya mwisho.

Mgeni_wa_Nyuzi
Freti ya kwanza kila uzi iko juu ya sauti, ya 12 iko sawa. Kigari hakisaidii.

MbaoNgumu
Mifereji ya nati iko juu. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, tazama juu ya freti ya 1: pawe na nafasi ya kama 0.2, tena ndogo. Shusha mfereji kwa tupa nyembamba, ukiinamisha kuelekea kichwa, ukipima kila baada ya misuguo mitatu. Ukizidisha, jaza unga wa mfupa na tone la supa gluu, anza upya.

Au tupa ile plastiki, chonga ya mfupa. Mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani, uchemshe, toa mafuta yote, uanike wiki kadhaa, kata kwa msumeno wa chuma. Vaa barakoa, vumbi lake ni baya. Chenga za mpingo kwa wachonga vinyago nazo zinafaa, ni mbao ile ile ya klarineti.

Kwaya_Besi
Tukitoka kwenye seti, bodi ya mninga?

MbaoNgumu
Inafaa, na hutulia ikikauka. Uzito ni kama kilo 640 kwa mita ya ujazo, bodi itatoka kilo mbili na nusu hivi. Baswudi ni chini ya mbili. Mbao ya loliondo achana nayo, ni nzito mno, bega halitakushukuru. Mbao ya dukani mara nyingi bado mbichi. Ipange na vijiti katikati ndani ya nyumba, ipime uzito kila wiki, chonga pale uzito unapoacha kushuka.

Mgeni_wa_Nyuzi
Nati nimeishusha, freti ya kwanza imekaa. Sasa G kwenye freti ya 6 inakufa haraka kuliko jirani zake. Freti?

Besi_Ngarenaro
Laza ukingo ulionyooka wa kadi ya benki juu ya freti ya 5, 6 na 7. Ukicheza kama bembea, ya 6 iko juu. Ukitulia, rudia kwa 6, 7 na 8, maana freti iliyo mbele ndiyo inayogusa uzi. Zote zikiwa sawa na uzi haubwati ila unafifia tu, si freti. Ni mtetemo wa shingo yenyewe, besi nyingi za skrubu zina doa hilo kwenye G kati ya 5 na 7. Bana klampu ndogo kwenye kichwa usikie: doa litahama nusu freti au zaidi. Likihamia pasipokusumbua, funga kipande cha chuma chenye uzito huo nyuma ya kichwa.